Goti la Dorothea na Mnara wa Bruges

Jumamosi, 4 Mei 2019. Euless, Texas

Leo goti la mke wangu limepangiwa tarehe. Tarehe saba Agosti watalitoa lile la kulia alilozaliwa nalo na kumwekea la chuma. Daktari alieleza kazi yote kama fundi anayekupa habari za pampu ya maji, nami nikawa naitikia kwa kichwa kama msomi. Dorothea hakuhitaji kuelezwa. Ni muuguzi, ameinua magoti ya watu wengine huko Carrollton kwa miaka mingi mpaka lake likamchoka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Kabla ya siku hiyo, ninaruhusiwa kupanda ngazi?"

"Ngazi zipi?"

"Za mnara. Mia tatu na ushee."

Daktari alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akakaa sawa, akasema kuharibika goti limeshaharibika, ngazi haziwezi kuliua mara ya pili. Kitakachomsumbua ni maumivu.

"Maumivu tunafahamiana," Dorothea akasema.

Mnara anaouzungumzia uko Bruges, Ubelgiji. Sista aliyemfundisha jiografia sekondari, kule Bukoba, alikuwa mtu wa mji huo, na alibandika picha ya mnara ukutani juu ya ubao. Aliwaambia wasichana kwamba ukiwa kule juu kengele zinapolia, huzisikii kwa masikio, unazisikia kwenye meno. Wenzake wote walisahau. Wangu mimi hakusahau. Ndani ya gari nilimwambia asubiri tu goti jipya, apande kwa raha.

"Goti jipya litanipeleka kanisani na sokoni, Baba Elia, nimekubali. Lakini kule juu nafika na hili hili. Limenibeba tangu Bukoba. Mtu aliyekubeba hivyo humfukuzi bila kumtembeza."

Nikawasha redio.

Jumapili, 5 Mei

Kamati ya safari imekutana sebuleni kwetu. Sisi watu wa huku hata kuhamisha kochi tunaunda kamati. Wajumbe ni wanne. Mimi na Dorothea. Khalfan, rafiki yangu wa Tanga, mhasibu, ambaye alitoka Houston alfajiri akiwa na shati lililopigwa pasi utadhani limesafiri limetundikwa, yeye akiwa pembeni yake. Kesho anaanza kufunga, kwa hiyo leo alikula kama mtu anayehama nchi. Wa nne ni Wacuka, Mkenya, muuguzi mwenzake Dorothea, ambaye hakuna aliyemchagua mwenyekiti lakini kikao kilipoisha tulikuta ndiye.

Tutaondoka tarehe kumi na nne Juni, Idi ikishapita. Leiden, Ghent, Bruges, na kurudi. Miji midogo ya kale, mawe, mifereji, makanisa. Wacuka ameshapanga hata saa za kunywa maji. Namwita Sajenti, ila kimoyomoyo.

"Sheria ni moja tu," alisema. "Hakuna kubeba mizigo ya watu. Tunaenda kuona Europe, hatuendi kuwa posta."

"Kweli kabisa," nikasema mimi, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wakati nasema hivyo, begi la rafiki yetu Patroba la kupeleka Leiden lilikuwa chini ya kitanda chetu tangu Alhamisi.

Jumatano, 15 Mei

Mvua ya mawe. Begi la pili limeingia chini ya kitanda.

Jumamosi, 25 Mei. Houston

Tumekuja kufuturu kwa Khalfan. Kabla ya magharibi alinipitisha mtaa wa Gulfton, kwenye ghorofa moja kati ya zile zilizobanana, nguo zimeanikwa kila baraza, watoto wanapiga mpira katikati ya magari. Huko anaishi Esperance, mama wa Bukavu, Kongo, ambaye Khalfan humsaidia mambo yake ya kodi kila mwaka. Dada yake mkubwa, Généreuse, yuko Ghent. Hawajaonana miaka kumi na mmoja.

Nilikuwa nimejiapiza njia nzima. Nitamsalimia, nitakunywa chai, nitasema begi limejaa.

Akaleta boksi. Ndani mlikuwa na buti za kikauboi, ngozi nyekundu, zimedariziwa nyota pembeni.

"Dada yangu anapenda vitu vya kuonekana," alisema. "Nilimuahidi, siku moja nitakutumia Texas. Sasa muniambie, Texas utaitumaje kama si hivi?"

Mtu angejibu nini? Nimezibeba.

Barabarani Khalfan alicheka mpaka futari ikakaribia kumpita. "Mhaya wa kwanza duniani kukosa maneno! Lugha tatu unazo, na 'hapana' huna hata katika moja."

Ijumaa, 31 Mei

Mama Queen wa parokiani kaniletea mzigo wa mwanawe aliye Uswidi. Nikamwambia Uswidi haiko njiani. "Si ni Ulaya hiyo hiyo?" Nikamwuliza kama yeye ameshafika Kansas, maana nayo ni Marekani hiyo hiyo. Kanuna. Nimeuchukua, ila kwa masharti, na masharti yenyewe sikuyataja.

Jumapili, 9 Juni

Mchana umevuma upepo ambao sijauona tangu tuhamie hapa. Miti imelala barabarani, nusu ya Dallas haina umeme. Kwetu upo, kwa Wacuka Carrollton haupo, kwa hiyo jioni alikuja na godoro lake la kujaza upepo na chakula chake chote cha friji.

Hapo ndipo maovu yangu yalipofichuliwa. Alipoinama kusukuma godoro akaviona vilivyo chini ya kitanda cha wageni, maana chetu kilikuwa kimeshajaa.

"Baba Elia. Hii ni nini?"

"Ni vitu vidogo vidogo tu."

"Hizi ni cowboy boots!"

Nilisubiri radi ya pili ya siku hiyo. Hakupaza sauti. Alikaa kwenye godoro lililojaa nusu, akaniambia jambo nililopaswa kulijua mimi kabla yake. Tangu Machi, yeye na Dorothea wakitoka zamu hawaji nyumbani moja kwa moja. Wanakwenda kwenye ghorofa la maegesho la hospitali na kupanda ngazi. Huku kwetu ardhi ni tambarare kama chapati. Mahali pa kupandia ni maegesho tu. Walianza ghorofa mbili. Sasa wanafika juu kabisa na kurudia.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kwa sababu ungemwonea huruma. Amechoka kuonewa huruma." Akaendelea kusukuma. "Mimi sichukii watu na mizigo yao. Lakini kila mzigo una nyumba, na kila nyumba iko na sufuria. Ukikaa chini, kutoka ni saa ngapi? Goti la Doro halingojei masufuria."

Nilikuwa nikimlaumu kimyakimya kwa kumchelewesha mke wangu kazini. Leo usingizi utanijia kwa aibu kidogo. Mzigo wa Uswidi nimeahidi kuurudisha kesho.

Ijumaa, 14 Juni

Miaka yote tunaishi kando ya uwanja wa ndege, chini ya tumbo la ndege za watu wengine. Leo nimepita juu ya nyumba yetu mwenyewe. Nilisahau kuangalia, nilikuwa naangalia sinema.

Jumapili, 16 Juni. Leiden

Nitaandika nikiwa nimekaa upande mmoja, na sababu itajulikana.

Leiden ni mji ambao mtu angeuweka kwenye sahani. Mifereji, madaraja madogo, nyumba nyembamba zimeegemeana kama wazee waliotoka harusini, kinu cha upepo katikati ya mji, na kuta zilizoandikwa mashairi ya lugha zote. Khalfan anasoma kila kibao. Kila jiwe anataka kujua lilizaliwa lini. Tulimpoteza mara mbili, na mara zote tulimkuta amesimama mbele ya mlango wa mtu, akisoma namba ya mwaka juu yake huku mwenye nyumba akimtazama dirishani.

Mwenyeji wetu ni Cherotich, shemeji yake Patroba, aliyeletewa begi lile. Ni mwembamba, ana miaka sawa na mimi, na anakwenda kila mahali kwa baiskeli. Alitupa chai ya maziwa vikombe vitatu vitatu, tukala, tukaongea, na saa zikaenda zake bila kutuaga. Nilimwona Wacuka akitazama saa. Nikamwona Dorothea akinyoosha mguu chini ya meza. Lakini leo hapakuwa na haraka, ni Leiden tu.

Kosa lilikuwa kukubali baiskeli. Cherotich aliniambia ni rahisi, hata wajukuu wa jirani wanaendesha. Nilipita daraja la kwanza vizuri. La pili nikaamua kumpungia mkono mke wangu. Sikutumbukia mferejini, nataka hilo liandikwe wazi. Nilisimamishwa na chungu cha maua.

"Shemeji, uko salama?" Khalfan alimwuliza Dorothea, si mimi.

"Mimi niko salama. Yule sijui."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Sijamwona akicheka hivyo tangu Elia alipokuwa mdogo. Chungu cha maua nakisamehe.

Jumanne, 18 Juni

Treni kwenda Ghent. Mvua nyembamba ya kistaarabu, inayolowesha bila kukutukana.

Jumatano, 19 Juni. Ghent

Siku njema. Asubuhi tuliizunguka ngome ya mawe iliyosimama majini, tukapita makanisa matatu. Dorothea aliwasha mshumaa wa mama yake, na Khalfan akamtafuta mwenzake wa kumwelekeza kibla, akampata Mturuki muuza matunda, wakaishia kujadili bei za tende. Tulikula viazi vya kukaanga kwenye karatasi, tumekaa ukingoni mwa maji. Wacuka aliimba. Ana sauti ya kwaya, na hatukujua.

Goti limevimba kidogo. Mwenye goti anasema halijavimba.

Kesho ni hivi: mchana kwa Généreuse, kumpa buti zake na kumsalimia. Saa nane treni. Saa kumi alasiri tiketi zetu za mnara. Wacuka ameyarudia mara tatu, ya mwisho akinitazama mimi peke yangu.

Alhamisi, 20 Juni. Bruges

Tumekosa mnara.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana nimekaa peke yangu kwenye ngazi za hoteli na hakuna anayenikatiza.

Généreuse ni mama mkubwa, mwenye mwili na sauti inayojaza nyumba. Alipofungua boksi, alipiga yowe, akazivaa palepale juu ya kitenge, akacheza kuzunguka meza, akalia, akampigia Esperance simu ya picha, wakalia wote wawili, Houston na Ghent. Sisi nasi tukafuta macho. Kwa kitu hicho tu nilijiona nimefanya jambo la maana maishani.

Halafu likaja sombe, kisamvu cha kwao. Likaja bugali, samaki, makemba ya ndizi, kuku. Amepika tangu jana.

"Kuleni, kuleni. Mutu ametoka Amerika na viatu vya dada yangu, halafu anakula kama ndege?"

Saa saba na nusu Wacuka akasema tumeshiba, ahsante. Généreuse akaleta sahani nyingine. Saa nane Khalfan akasifu nyumba, kwa ile namna ya kusifu ambayo mtu huitumia akiwa amesimama. Généreuse akamkalisha. Nasi, watu wanne wazima, mhasibu, wauguzi wawili na karani mkuu wa ghala, hatukuweza kusema neno. Utamwambiaje mtu aliyekupikia siku mbili kwamba una miadi na mnara? Kwetu mgeni haondoki kwa saa, anaondoka kwa kuruhusiwa. Akiaga mapema, maana yake chakula kilikuwa na kasoro.

Saa nane na robo Généreuse alinitazama, kijiko mkononi, uso umeanza kuingia wasiwasi. "Baba, haukuipenda?"

Nikasogeza sahani. "Niongeze, mama."

Nilisikia Dorothea akivuta pumzi. Sikumtazama.

Tulifika Bruges mbio, saa kumi na moja imeshapita, na mbio za Dorothea si mbio. Uwanja wa soko ni mpana, nyumba zimepangwa kama meno, na mnara umesimama pale pale alipouacha Sista. Mlango ulikuwa bado wazi lakini watu wa mwisho walikuwa wameshaingia. Mlinzi alitusikitikia kwa dhati. Kesho wanafungua asubuhi, alisema, mje mpange foleni.

Kesho saa sita lazima tuwe kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege.

Dorothea alikaa kwenye benchi, akaegemeza mikono juu ya goti, akautazama mnara toka chini hadi juu. Nimezoea kugombezwa, miaka ishirini na saba ya ndoa imenikomaza, kunyamaziwa sikukuzoea. Nilianza kusema samahani, akaniinulia kiganja, taratibu, kama anayezuia gari.

Nilimgeukia Wacuka, tayari kwa hukumu. Alikuwa ameshika simu.

"Mama Généreuse? Ni Wacuka. Kuna kitu hatukukuambia." Akamwambia yote. Sista, picha, goti, tarehe saba Agosti, tiketi. Hakuongeza lawama hata punje.

Sauti iliyojibu ilisikika mpaka kwa farasi wa magari ya watalii.

"Ah non! Mbona hamukuniambia? Mungesema tu! Ningewafungia bugali kwa boksi, mukulie kwa treni! Munakaa kwa meza yangu munaangalia saa kwa kuiba, na miye nafikiri chakula ni kibaya, naongeza chumvi!"

Tulitazamana. Tulikuwa tumemwogopa yeye, na yeye alikuwa ametuogopa sisi. Wa kwanza kucheka alikuwa Khalfan. Dorothea alitabasamu nusu. Nusu ile ndiyo nimekuja kuiandikia hapa kwenye ngazi.

Nilimwita Wacuka pembeni. Nikamwambia, "Mimi nimekuwa nikikuita Sajenti."

"Najua," akasema. "Doro aliniambia. Ni cheo kidogo, lakini sawa."

Ijumaa, 21 Juni. Uwanja wa ndege

Niandike haraka kabla hawajatuita.

Asubuhi tulifika uwanja wa soko kabla mlango haujafunguliwa. Watu walikuwa wameshaanza kusimama. Wa kwanza kabisa kwenye foleni, mbele ya Wajapani na Wahispania wote, alikuwa Généreuse. Kitenge cha njano, buti nyekundu, mfuko wa chakula begani.

"Miye ndiye niliwachelewesha," alisema. "Sasa nawasindikiza. Na musindikizo wangu hauishii kwa mulango."

Tuliingia na kundi la kwanza. Ngazi zile ni za mawe, zinazunguka kama gamba la konokono, nyembamba kiasi kwamba ukikutana na mtu lazima mmoja wenu ageuke ukuta. Kamba imening'inizwa katikati ya kushika. Wacuka mbele, Dorothea nyuma yake, Généreuse, Khalfan, na mimi mkiani, kazi yangu ikiwa kumdaka mke wangu endapo wale wawili wangemkosa. Nani angenidaka mimi hakuna aliyepanga.

Kuna chumba cha kwanza njiani, tukapumzika. Kwenye chumba cha pili nilikaa. Magoti yangu ni mazima, hayana hata kelele. Tatizo lilikuwa sombe. Nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye kope.

Dorothea alinitazama. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, mdomo umebanwa, lakini macho, jamani, macho yalikuwa ya msichana wa kidato cha pili.

"Baba Elia, wewe baki. Sikuvuka bahari kuja kukusubiri."

"Mwenye goti kapita, mwenye tumbo kabaki," Khalfan akasema, naye akapita.

Nikabaki na mawe. Nilimsikia akipanda. Mguu mzuri, halafu ule mwingine ukivutwa. Tak, shh. Tak, shh. Kila baada ya muda kidogo kimya, na moyo wangu nao kimya, halafu tena: tak, shh. Nimeisikia hatua hiyo jikoni kwetu kila asubuhi na kuisikitikia. Pale niligundua kwamba ilikuwa hatua ya mtu anayekwenda mahali.

Halafu sikuisikia tena.

Halafu kengele. Sijui niandike nini. Zilitikisa benchi, zilitikisa ukuta, na ndani ya mwangwi wake, toka juu kabisa, vikaja vigelegele. Kwanza sauti moja nene ya Bukavu. Kisha ya pili, ya Bukoba, ninayoijua kuliko sauti yangu, ambayo mara ya mwisho niliisikia Elia alipozaliwa. Watalii waliokuwa chumbani walisimama, mama mmoja akaniuliza kama kuna hatari. Nikamwambia hapana, ni mke wangu. Nilikuwa nalia, kwa hiyo sidhani kama nilimtuliza.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini mtu akipanda, lazima ashuke, na sisi wote pamoja na kamati yetu tulikuwa tumefikiria kupanda tu.

Wacuka alishuka mbio kunifuata. "Baba Elia, njoo. Goti limegoma. Kushuka halikubali kabisa."

Basi mimi, niliyeshindwa, nikapanda. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nadhani sombe liliogopa. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, chini kidogo ya chumba cha kengele, mguu umenyooka mbele, machozi yanachuruzika, na anacheka.

"Nilizisikia kwenye meno," alisema.

Wacuka alikuwa na dawa yake: ashuke kinyumenyume, uso ukielekea juu, mguu mbaya utangulie, mikono kwenye kamba. Mimi nikae chini yake, nimwongoze kila ngazi. Jenerali wetu, maana pale nilimpandisha cheo, akabaki juu kuzuia wanaoshuka. Généreuse akatangulia chini kuzuia wanaopanda, akiwaamrisha kwa Kifaransa, kwa Kiflemi, na wasioelewa kwa buti. Khalfan katikati, akimshukuru kila mtalii aliyejibana ukutani, mmoja mmoja, kwa mkono kifuani, kama mfiwa anayepokea rambirambi.

"Chini," nikawa nasema. "Kidogo. Hapo. Chini. Kidogo. Hapo."

"Unanishika vibaya."

"Nakushika ninapofika."

"Watu wanatuona, Gelasius."

Ananiita jina langu akiwa na hasira sana au furaha sana. Tulizunguka, tukazunguka, visigino vyake mbele ya pua yangu, na nje ya madirisha membamba mji ukawa unapanda taratibu, mapaa kwanza, halafu madirisha, halafu watu. Tulipofika chini foleni yote ilitupigia makofi. Dorothea aliwapungia kama malkia. Mimi nilikaa sakafuni.

Chakula cha Généreuse tulikula kwenye treni, ndani ya boksi, kama alivyosema. Alitusindikiza mpaka Ghent, akashuka, akatembea na treni ilipoanza kuondoka, buti zikigonga jukwaa, mpaka jukwaa likamwishia.

Wametuita.

Jumatatu, 24 Juni. Euless

Kazini wameniuliza nimeona nini Ulaya. Nimesema ngazi.

Jumamosi, 20 Julai

Joto la kupikia mayai juu ya gari. Goti halitaki tena hata kizingiti cha mlango. Dorothea anatembea kwa fimbo na hajutii hata siku moja. Nilimwuliza. Alinijibu kwa kupandisha sauti ya televisheni.

Jumatano, 7 Agosti

Limetolewa. Salama. Wacuka alichukua likizo akae nami chumba cha kusubiri, akaninyima kahawa ya nne. Khalfan amepiga simu mara sita toka Houston akiuliza kama Shemeji ameamka, na mara ya saba akiuliza kama mimi nimelala.

Alhamisi, 8 Agosti

Huku hawakuachi ulale. Leo leo wamemwinua. Alikuja mtaalamu wa mazoezi, Mmarekani mrefu mpole aitwaye Brandon, akavuta kiti, akamwuliza anataka goti hili jipya limsaidie kufanya nini. Wengi, alisema, wanataka kutembeza mbwa, au kurudi kwenye gofu.

"Kushuka ngazi nikitazama mbele," Dorothea akasema.

Brandon akaandika. "Na kupanda?"

"Kupanda nilishapanda."

Wacuka, aliyekuwa amepitia hapo baada ya zamu, aligeukia dirisha, mabega yanamtikisika. Nami nikaona nisiachwe, nikamwambia Brandon kama ana nafasi ya mgonjwa mwingine aniandike mimi: kupanda, mpaka juu, na nimechelewa. Akanitazama tumboni kwa adabu, akasema inawezekana.

Kisha akamshika Dorothea mkono, akamsimamisha. Alipepesuka, akatulia, akakamata ile fremu ya kutembelea. Mimi nilikuwa nimeshasimama mbele yake bila kujijua, mikono wazi, nimeinama kidogo, natazama miguu yake. "Kidogo," nikaanza. "Kidogo. Hapo."

"Baba Elia."

"Naam?"

"Nimeshageuka. Toka njiani."

Nikasogea, naye akapita.